Somo wa Mtoto Njiti

Sogeeni, na mwenye simu aifunike. Mwisho nitauliza swali, na sitaki kusikia eti hamkusikia.

Siwema alijifungua mtoto njiti wa kike, kabla ya miezi kutimia, mdogo hata mama mwenyewe aliogopa kumshika. Hospitalini wakamlaza kwenye kitanda cha joto kinacholindwa na programu ya kompyuta: joto likishuka, king'ora kilie. Programu hiyo iliandikwa na mabinti watatu ambao Siwema hakuwahi kuwaona. Tausi alijaliwa subira, Mwanahawa msimamo, Stamili jicho kali.

Kazi yao ilipitiwa na mkaguzi, programu nyingine yenye mdomo mrefu. Mstari wa maandishi yao ukizidi urefu, onyo. Nafasi kati ya maneno ikipungua, onyo. Maonyo yalijaa kwenye skrini mpaka hakuna aliyeyasoma tena. Tausi akayapitia moja moja, akayanyamazisha yasiyo na madhara, na hakunyamazisha lolote asilolielewa. Likabaki moja: "Kipimo kimepokelewa, hakijatumika."

"Linyamazisheni na hilo," bosi wao akasema. "Hospitali wanasubiri toleo jipya la programu."

"Samahani, bosi," Mwanahawa akajibu, "hatulinyamazishi mpaka tujue linasema nini."

Bosi akafoka, akatishia kumfukuza kazi. Mwanahawa hakubanduka kitini.

Stamili akavuta kiti, akasoma, akashika kichwa. "Jamani! Joto jipya tunalipokea, halafu king'ora kinaangalia la zamani!" Akarekebisha mstari mmoja tu, toleo jipya likapelekwa hospitali.

Wiki ileile kitanda cha mtoto wa Siwema kiliharibika, kikapoa huku taa zake zikiwaka. King'ora kikalia. Nesi akaja mbio, akamhamisha mtoto.

Siwema alisimuliwa hayo yote. Watu wasiomjua wamebishana huko mbali juu ya mstari mmoja, na mwanawe anapumua! Akaomba waitwe. Walipoingia aliwashika mikono mmoja mmoja.

"Wadogo zangu, mmoja wenu atakuwa somo wa mwanangu. Nimpe jina la nani?"

"La Mwanahawa," Tausi akasema. "Yeye ndiye aliyekataa."

"Mimi nilikataa tu, sikujua kilichomo," Mwanahawa akasema. "Stamili ndiye aliyeona."

"Bila Tausi ningeliona wapi, kwenye fujo ile?" Stamili akauliza.

Siwema akamtazama mtoto, aliyekuwa ameng'ang'ania kidole chake. Nesi amesimama na kadi ya kliniki, anasubiri, na mtoto ni mmoja.

Haya, nyie mliokuwa mkitikisa vichwa: lingekuwa shauri lenu, mngemwita nani?