Digidigi na Hatua Kumi za Barabara

Zamani hizo, wanangu, wanyama walipokuwa na nyumba zenye milango na maduka ya kufungua asubuhi, palikuwa na mji ulioitwa Mikungani. Jina hilo lilitokana na miti minane ya mikungu iliyoota katikati ya barabara yake kubwa.

Barabara ile ilikuwa pana, ila haikuwa na mpango. Wenye mikokoteni walikuwa watatu. Nyati alileta mtama kutoka mashambani. Kiboko aliuza maji kwa mapipa. Kifaru alibeba mawe ya kujengea, naye ndiye aliyekuwa mkubwa wao. Kila mmoja aliegesha popote alipochoka: mbele ya duka, kwenye kona, hata juu ya ngazi za watu.

Asubuhi moja Bi Digidigi, muuza uji, alisukuma mlango wake. Du! Haukufunguka. Akausukuma tena kwa bega. Du!

"Baba watoto, hebu chungulia. Kuna nini nje?"

Mumewe akachungulia dirishani. "Gurudumu," akasema. "La Bwana Kifaru."

"Tena?"

"Tena."

Basi Bi Digidigi akatokea dirishani, chungu cha uji kikafuata, na mumewe akafuata chungu. Wakaweka uji wao pembeni, wakaanza kuuza.

Mteja wa kwanza kila siku alikuwa Mzee Kobe. Siku hiyo naye alitoka kwake mapema, lakini kando ya ukuta hapakuwa na pa kupita. Mikokoteni ilikuwa imebanana mpaka milangoni. Ikabidi ashuke barabarani, taratibu, hatua moja baada ya nyingine.

Kifaru akatokea na mkokoteni mwingine wa mawe. Ndii! Ndii! Ndii!

"Pisha! Pisha wee!"

Kobe apishe aende wapi? Kushoto mikokoteni, kulia mikokoteni.

Kachaa!

Bi Digidigi akatupa upawa, akakimbia. Akamkuta mzee amelala chali, gamba limepasuka kutoka begani mpaka kiunoni. Hakufa, wanangu, msiogope. Lakini alilia, na mzee akilia hadharani ni jambo la kuumiza sana.

"Bwana Kifaru!" Bi Digidigi akaita. "Umemvunja mzee!"

Kifaru akageuza shingo kidogo tu. "Barabara ni ya mikokoteni," akasema. "Mwenye miguu mifupi akae nyumbani kwake." Akaendelea na safari yake. Ndii! Ndii!

Siku ile Bi Digidigi hakuuza uji tena. Alikaa kando ya Mzee Kobe, akamfunga gamba kwa kamba za ukindu, huku hasira zimemjaa. Angemfanya nini Kifaru? Ukimpanga yeye na watoto wake wote mmoja juu ya mwingine, hawafiki kwenye pembe ya Kifaru.

Haikupita wiki, Kifaru akapeleka ombi kwa Mama Tembo, mkuu wa mji. Alitaka mikungu yote minane ikatwe, ili mikokoteni iegeshwe katikati pia. Mama Tembo akatangaza baraza: barabara itapangwa upya, kila mtu aje na neno lake.

Wadogo wakakutana kwa Mama Kanga kujadiliana.

"Tudai nusu ya barabara!" Mama Kanga akasema.

"Nusu? Tudai yote!" akasema Nguchiro. "Mikokoteni ikae nje ya mji huko!"

Bi Digidigi akatikisa kichwa. "Mtama unaokula, Nguchiro, unaletwa na nani?"

"Na Nyati."

"Atushushie wapi? Nje ya mji, ukabebe gunia wewe kichwani?"

Nguchiro akajipapasa utosi.

"Tunahitaji pa kupita," Bi Digidigi akasema, "na kivuli, na mahali mzee wa mwendo wa pole anaweza kusimama katikati apumue kabla hajamaliza kuvuka. Mikokoteni nayo inahitaji pa kukaa. Niachieni mimi hili jambo."

Akaenda kwa Nyati na kamba, akaomba kupima upana wa mkokoteni wake. Nyati akashangaa, ila akakubali. Akaenda kwa Kiboko, akamkuta amejipaka tope mgongoni.

"Shikamoo, Bwana Kiboko. Ngozi vipi?"

"Marahaba. Ngozi inapasuka, mama. Jua la barabara ile ni moto. Bila ile mikungu ningekuwa nimekaushwa kama nyama."

"Na bado Bwana Kifaru anataka ikatwe."

"Ah! Inakatwa?" Kiboko akaacha mdomo wazi. Hakuwa amefikiria mpaka hapo.

Akitoka kwa Kiboko, Bi Digidigi akapitia barabarani. Nyayo za Kifaru zilikuwa zimechorwa vumbini. Akatembea kandokando yake, tiki tiki tiki tiki, akasimama. Tiki tiki tiki tiki, akasimama. Akarudi nyumbani, na alichokihesabu hakumwambia mtu, hata mumewe.

Siku ya baraza mji mzima ulijaa kwenye banda la soko. Mama Tembo akauliza kwanza: "Barabara yetu ina upana gani, ukuta hadi ukuta?"

Hakuna aliyejua.

"Bwana Kifaru, hebu ipime," akasema Mama Tembo.

"Mimi?" Kifaru akapiga chafya. "Mimi na heshima zangu nikazunguke barabarani nikihesabu? Kazi ya kuhesabu ni ya wadogo."

"Nitapima mimi," akasema Bi Digidigi. Akatoka mbio, tiki tiki tiki tiki, ukuta hadi ukuta, watu wote wakimtazama. Akarudi anahema. "Hatua tisini na sita, Mama!"

"Tisini na sita," watu wakanong'onezana. "Kumbe pana hivyo."

"Haya, semeni mnachotaka," akasema Mama Tembo.

Kifaru akasimama, akaeleza habari ya kukata mikungu. Alisema sana. Alipomaliza, Bi Digidigi akainuka, akainamisha kichwa kwa adabu.

"Mama, sisi wadogo hatuna tamaa. Tunaomba hatua tatu kila upande, kando ya ukuta, za kupita kwa miguu. Hatua moja kila upande ya kupanda miti, ili kuwe na kivuli na mikokoteni isitufikie. Na hatua mbili katikati, mikungu ibaki pale ilipo, na mvukaji apate pa kusimama. Basi."

Kifaru akahesabu kwa shida. "Tatu na tatu sita. Moja na moja mbili, nane. Na mbili... kumi?"

"Kumi, Bwana Kifaru."

"Kumi katika tisini na sita?"

"Ndiyo, Bwana Kifaru."

"Na zilizobaki zote zetu?"

"Zote. Za kupita mikokoteni na za kuegesha."

Kifaru akacheka mpaka vumbi likatoka puani. Hoo! Hoo! Hoo! "Wapeni! Wapeni hizo hatua kumi, watoto wasije wakalia!"

"Mikungu nayo ibaki?" akauliza Mama Tembo.

"Ibaki! Hatua mbili zitanipunguzia nini?"

Kiboko akapumua kwa nguvu, akajifanya anakohoa. Mama Kanga akamvuta Bi Digidigi sikio. "Umetuuza!" akanong'ona. "Hatua tatu? Watoto wangu watapita mmoja mmoja kama siafu!"

"Subiri, dada."

Mama Tembo akaandika hati ya makubaliano, akaisoma kwa sauti, akatia muhuri wa mguu wake. Kifaru akatia wake, Bi Digidigi akatia kikwato chake, kidogo kama punje ya kunde.

Siku ya kupigilia vigingi ikafika. Watu walijaa pande zote mbili. Nguchiro alibeba vigingi na nyundo. Bi Digidigi alikuja amevaa kanga mpya, ameinua shingo, anatembea katikati ya barabara kama bibi harusi.

"Sogeeni!" akasema kwa sauti ili kila mtu asikie. "Leo napima mimi! Vigingi vitafuata kwato zangu! Na wajukuu wenu wakiuliza barabara hii ni ya nani, waambieni ni Barabara ya Digidigi, maana aliyeipima ndiye mwenyewe!"

Watu wakapiga vigelegele. Kifaru masikio yakamsimama.

"Ati Barabara ya nani?"

"Ya Digidigi, Bwana Kifaru. Ila usijali, utaruhusiwa kupita."

"Niruhusiwe! Mimi!" Akapiga mguu chini, ndii! "Barabara kuu ya mji huu haipimwi kwa vikwato vya mbuzi asiyekua! Itapimwa kwa hatua zangu!"

"Hapana, hapana, tafadhali," Bi Digidigi akalalamika, akafumba macho kama anayetaka kulia. "Mama Tembo, mkataze. Kazi ya kuhesabu ni ya wadogo, alisema mwenyewe."

"Nimebadilisha! Napima mimi!"

Mama Tembo akamtazama Kifaru, akamtazama Bi Digidigi. Halafu akasema polepole, "Bwana Kifaru, unataka hati hii ipimwe kwa hatua zako?"

"Zangu!"

"Hatua zote, tangu ya kwanza mpaka ya mwisho?"

"Mpaka ya mwisho! Na atakayezipinga atanitambua!"

"Mji umesikia," akasema Mama Tembo. "Pima."

Kifaru akasimama ukutani, mbele kabisa ya mlango wa Bi Digidigi, akainua mguu. Akapiga hatua kwa maringo, ili kila mtu aone mguu wa mkubwa ulivyo.

Ndii! "Moja!"

Ndii! "Mbili!"

Ndii! "Tatu!"

"Kigingi!" akaita Mama Tembo. Nguchiro akapigilia, ko! ko! ko!

Ndii! "Moja ya miti!" Ko! ko! ko!

Kifaru akavuka kwenye ukuta wa pili, akafanya vilevile. Kisha akaja katikati penye mikungu, akapima hatua mbili, ndii, ndii, akasimama anahema na kutabasamu, anasubiri kushangiliwa.

Hakuna aliyeshangilia. Watu walikuwa wametazama chini. Kutoka ukutani hadi kigingi cha hatua ya tatu, Mama Kanga alikuwa ametembea na vifaranga wake kumi na wanne wakiwa wamesambaa, na bado nafasi ilibaki.

Kifaru akageuka. Akatazama kushoto, akatazama kulia.

"Hebu," akasema. "Hebu ngoja. Zilizobaki zangu ni ngapi?"

"Hesabu mwenyewe," akasema Mama Tembo.

Akahesabu. Upande mmoja saba, upande wa pili saba. "Kumi na nne! Zangu zilikuwa themanini na sita! Ziko wapi hatua zangu themanini na sita?"

"Hizo zilikuwa hatua za kwangu, Bwana Kifaru," akasema Bi Digidigi. "Hatua yako moja ni nne za kwangu. Barabara ile ile, kwa mguu wako, ni hatua ishirini na nne tu. Umetupatia kumi."

Watu wakaangua kicheko. Kifaru akainamisha pembe, akaanza kukwangua ardhi, kwa! kwa!, akakielekea kigingi cha kwanza. Wadogo wakatawanyika. Bi Digidigi peke yake hakusogea. Alisimama mbele ya kigingi, na mumewe akaja mbio akasimama ubavuni mwake.

"Acha!" Sauti ilitoka upande wa mikokoteni. Alikuwa Nyati. Aliushika mkokoteni wake, akaurudisha kinyumenyume, kwiii, ukaingia kati ya mstari wa miti na njia ya kupita mikokoteni. Ukatosha vizuri, na nafasi ya shubiri moja ikabaki.

"Hatua tatu zinaegesha," akasema Nyati. "Nne zinapitisha, kila upande. Tumepata pa kukaa na pa kupita. Wewe ulikuwa unataka nini zaidi?"

"Mikungu ikatwe!"

"Ikikatwa mikungu, maji utajibebea," akasema Kiboko, naye akaenda kusimama chini ya mkungu wa karibu.

Kifaru akamgeukia Mama Tembo. "Mama, nimedanganywa!"

"Nani alichagua mguu wa kupimia?"

Kifaru akautazama mguu wake. Pembe aliyoiinamisha ikapanda juu taratibu, akakiacha kigingi.

Mwezi ule ule wakapanda miche ya mikungu kwenye zile hatua za miti. Mzee Kobe, gamba limeshashika ingawa alama ilibaki, akawa anavuka kila asubuhi. Alifika katikati, akaketi kivulini, mikokoteni ikapita mbele yake na nyuma yake, kisha akamalizia safari yake bila haraka.

Kifaru alikaa siku nyingi bila kununua uji. Siku alipokuja, alisimama mbele ya chungu akasema kwa sauti ya chini, "Bi Digidigi. Siku ile ulipolalamika nisipime. Ulikuwa unalia kweli?"

Bi Digidigi akamjazia bakuli, akampa.

"Uji unapoa, Bwana Kifaru," akasema. "Kunywa."

Ndiyo hivyo, wanangu: anayejivunia ukubwa wa mguu wake, aangalie kwanza anaupimia nini.