Uchovu wa Nakunda

Sogeeni motoni, wenye miguu ya vumbi. Mmesogea? Tumesogea! Basi sikilizeni, kabla mimi mwenyewe sijasinzia.

Wasichana wawili wa tumbo moja, Nakunda na mdogo wake Mbonea, walivuka milima kwenda kumwona mama yao mgonjwa. Njiani palikuwa na vibanda vitatu vya kulala wasafiri, na kila kibanda kilikuwa na zimwi lake.

La kwanza likasema, "Karibuni, wajukuu. Niachieni uchovu wa miguu, kesho mtakwenda kama upepo."

Nakunda akauacha. Mbonea akasema, "Wangu nitautua kwa mama."

Kibanda cha pili, zimwi likaomba uchovu wa mgongo. Nakunda akauacha. "Wangu nitautua kwa mama," akasema Mbonea, akijikongoja.

Kibanda cha tatu, zimwi likaomba uchovu uliobaki, ule wa macho. Nakunda akauacha. Mbonea akalia kwa maumivu, lakini wake akaubeba.

Hatimaye wakamwona mama, amesimama mlangoni kwa kujishikiza. Mbonea akaanguka miguuni pake, akalala palepale.

Na Nakunda je? Mtu asiye na uchovu hata chembe hawezi kusimama apumzike. Akaupita mlango, akaipita migomba, akashika njia ya mlima wa mbele.

"Nakunda!" mama akaita.

"Abee, mama!" akaitikia, huku analia, huku anakwenda.

Mpaka leo anaitikia, anakwenda.

Nami nimechoka, wajukuu zangu. Namshukuru Mungu nimechoka. Nitandikieni mkeka.