Imajensi za Pikapu ya Kijiji

Neno lililochakaa halibebi mgonjwa. Mmeuliza methali hii imetoka wapi, basi tulieni, maana chanzo chake ni pikapu.

Katika kijiji kimoja cha milima ya Taita watu walichanga wakanunua pikapu ya kupeleka kabichi sokoni. Baraza likaweka sharti: dereva Mwakio akipigiwa simu na kuambiwa "imajensi", ashushe kabichi papo hapo kando ya njia, mgonjwa apate pa kulala. Neno hilo lilitoka kwa Mwalimu Wakesho, aliyefundisha Kiingereza miaka thelathini, na maana yake aliieleza mbele ya wote: roho ya mtu iko hatarini.

Haukupita mwaka, viti vya harusi vikawa imajensi. Saruji nayo imajensi. Hata jogoo wa mchungaji alipanda gari kwa imajensi. Mwalimu alikereka mno. Kila alipowasahihisha walimcheka, wakamwambia Kiingereza chake ni cha mkoloni, siku hizi maana zimepanuka. Mwakio naye alichoka kushusha kabichi bure, akawa akilisikia neno hilo anaitikia tu na kuendelea na safari yake.

Asubuhi moja Mkawasi, mke wa mwanawe Mwalimu, alishikwa na uchungu wa kuzaa kabla ya siku zake kutimia, damu ikimtoka. Mwalimu alipiga simu.

"Mwakio, imajensi."

"Sawa, Mwalimu," alijibu, na mlio wa injini haukubadilika.

Mwalimu aliingiwa na hofu. Neno alilolipigania miaka yote lilikuwa limemfia mdomoni. Hakupoteza muda kulililia. Alipiga tena.

"Mwakio mwanangu, nisikilize. Mkawasi anavuja damu na mtoto hajatoka. Nimemshika mkono hapa kitandani, umeanza kupoa. Njoo."

Kabichi za watu zilibaki njia panda. Kufikia saa tano Mkawasi alikuwa zahanati, hai, na binti yake analia kwa nguvu zake zote.

Jumapili iliyofuata wazee walimwomba Mwalimu awatafutie neno jipya la Kiingereza la kuitia gari. Alikataa katakata.

"Hilo nalo mtalimaliza," alisema. "Kuanzia leo anayeita gari aseme ni nani anaumwa, na ana nini. Neno lililochakaa halibebi mgonjwa."