Kaboni Aliyetafuta Nyumba ya Kukaa

"Paukwa!"

"Pakawa!"

"Hamjaitika vizuri, hata maharage hayajasikia. Paukwa!"

"Pakawa!"

Watoto wakacheka, wakamsogelea Shangazi Zena pale jikoni, naye akaanza.

Hapo zamani, enzi ambazo hata mabua ya mahindi yalijua kuitikia salamu, palikuwa na chembe aliyeitwa Kaboni. Alikuwa mdogo hata jicho halimwoni. Aliishi hewani, mkono wa kulia ameshikwa na Oksijeni, mkono wa kushoto ameshikwa na Oksijeni mwingine, na upepo uliwapeperusha watatu hao kutwa kucha. Kaboni akachoka. Alitaka kitu kimoja tu: nyumba ya kukaa, asitoke tena.

"Kama kupe," Faki akasema.

"Kama kupe, ila huyu ana adabu."

Siku moja, saa saba mchana, akafika kwa Jani la Mahindi. "Hodi!" Kimya. "Hodi!" Kimya. "Hodi!" Kimya. Akaondoka, maana aliyelelewa vizuri hapigi hodi ya nne. Hakujua kwamba jua likichoma sana, Jani hufunga vilango vyake ili maji yasimtoroke. Kesho yake asubuhi, umande haujakauka, akarudi.

"Hodi!"

"Karibu, piteni ndani!"

Wakaingia wote watatu. Ndani kulikuwa na vurugu kama nyumba yenye harusi. Maji walikuwa wakipanda kutoka mizizini, na Mwanga wa Jua akiwapasua. Kaboni akamwona Oksijeni mmoja akikimbilia mlangoni.

"Mwenzangu, unaniacha?"

"Mie si wako, dada. Mie nimetoka kwa Maji," yule akajibu, akatoka zake.

Kaboni akageuka kushoto kumtafuta wake. Akamkuta amekwisha kushikana na Hidrojeni wawili waliopasuliwa kutoka kwa Maji, na sasa naye anaitwa Maji! Kabla hajauliza kitu, Kaboni wengine watano wakamshika mikono.

"Sasa wewe ni sukari," wakamwambia.

"Sukari? Asubuhi nilikuwa hewa!"

"Asubuhi imepita."

"Shangazi, mimi sijaelewa," Mize akasema.

"Hata Kaboni hakuelewa, mwanangu. Sikiliza."

Jua likazama. Jani akaita, "Sukari wachache, jikoni! Nataka nguvu ya kukua." Wachache wakaenda, wakavunjwa, na kila Kaboni wao akatoka nje ameshikwa na Oksijeni wawili.

Kaboni wetu akashangaa. "Mbona uliwaambia karibu?"

"Niliwaambia karibu," Jani akasema. "Sikuwaambia wasitoke."

Basi Kaboni akaogopa. Yeye na wenziwe watano wakafuata mshipa wa bua hadi kwenye gunzi, wakajibana ndani ya punje changa. Humo sukari wengi walishikana bega kwa bega, wakaitwa wanga. Hewa, sukari, wanga: majina matatu, naye hajui aitike lipi. Lakini palikuwa pametulia.

"Hapa ndipo kwangu," akasema.

Mahindi yakakauka, yakavunwa. Bi Saumu, mwenye shamba, akayatia kinuni. Twa! Twa! Chenga moja ikaruka, Kifaranga akaidona.

"We Kifaranga, unakula kabla ya wenye kinu?" Bi Saumu akafoka.

Tumboni wanga ikakatwakatwa, Kaboni akawa sukari tena, na damu ikambeba hadi pajani mwa Kifaranga. Palikuwa na joto zuri. Kaboni akakaza mikono. "Hapa sitoki!"

Mara kivuli kikapita uani.

"Mwewe!" watoto wakapiga kelele.

Mwewe! Kifaranga akakimbilia kwa mama yake. Mama yuko hatua kumi. Hatua ya nne, paja likaita, "Sukari, jikoni! Upesi!" Sukari wengine wakaenda. Kaboni akang'ang'ania.

"Mimi ni mwenyeji. Waende wageni."

"Mwenyeji tangu lini?" akauliza Kaboni mwingine, aliyekuwa ndani ya nyama yenyewe ya paja.

"Tangu leo asubuhi. Na wewe?"

"Mimi wiki iliyopita nilikuwa mchwa."

"Mchwa! Na huyo jirani yako?"

"Alikuwa mtama."

Kaboni akababaika. "Basi mwenye nyumba ni nani?"

"Hayupo. Sisi tunaopita ndio nyumba. Lakini dada, mguu hauinuki, na kucha za Mwewe naziona!"

Kaboni hakuelewa yote. Alielewa mguu.

Akaachia mikono. Sukari ikavunjika, nguvu ikatoka, mguu ukainuka. Ya tano, ya sita, ya saba! Mwewe akakwangua vumbi tupu. Kifaranga akaingia chini ya bawa la mama yake, akihema, na katika kuhema huko Kaboni akatoka mdomoni, ameshikwa kulia na kushoto.

"Nyinyi ndio wale wangu wa zamani?" akawauliza Oksijeni.

"Hatukujui," wakasema. "Twende?"

Kaboni akasikiliza kwanza. Chini ya bawa moyo ulikuwa ukidunda, du-du-du-du, mdogo na wa haraka. Akausikiliza mpaka ukatulia.

"Twende," akasema.

Mize akakunja uso. "Sasa alikuwa kuku au hewa?"

"Alikuwa Kaboni. Na funzo ni hili, wanangu: ukiwa mahali, usihesabu umekaa siku ngapi. Tazama unahitajiwa kufanya nini, ukifanye, hata kama kukifanya ndiko kuondoka."

Hadithi yangu imekomea uani kwa Bi Saumu. Faki, lete sahani.