Kwa Nini Kitopeni Hupiga Makelele Kabla ya Ngoma

Zamani, waheshimiwa, makelele haya mnayoyazibia masikio hayakuwapo hapa Kitopeni. Ilikuwapo ngoma ya Jumbe peke yake, na hakuna aliyepiga kitu bila ruhusa ya Likwata, mpigaji wake mkuu. Nyimbo zote zilimsifu Jumbe. Hata mvua, eti, ilinyesha kwa hisani yake.

Mwaka mmoja wa kiangazi Jumbe aliamuru kichimbwe kisima. Udongo ukaporomoka ukamfukia Shomari, mwana wa pekee wa Siwema. Jumbe hakusimamisha kazi hata kwa kutwa moja. Aliwahamishia wachimbaji pembeni, maji yakapatikana, akaita watu jioni washerehekee.

Siwema alimwendea Likwata akaomba jambo dogo tu: jina la mwanawe litajwe katika wimbo.

"Dada yangu, wimbo wa kisima umeshapangwa," Likwata akamjibu. "Usitutie nuksi."

Mama kafiwa, anaambiwa analeta nuksi. Mpaka leo nikilisimulia neno hilo damu inanichemka.

Ngoma ilipoanza, Siwema alichukua jembe akalikwaruza juu ya jiwe. Likwata alijua kumkomesha mtu wa namna hiyo: ngoma kubwa hushika mdundo wake, kisha humfunika. Lakini uchungu wa Siwema haukuwa na mdundo. Alikwaruza, akanyamaza, akagonga, akapiga ukemi. Wapigaji walipojaribu kumfuata wakapotezana, ngoma ikavurugika. Wanawake wengine nao wakaanza, huyu na mchi, yule na chungu kibovu, kila mmoja kivyake.

Jumbe akasimama, jasho linamtiririka. "Ngoma gani hii?"

"Si ngoma," Siwema akasema. "Ni Shomari. Mtaje."

Alikataa. Wakazidisha. Jua lilipozama Jumbe alilitaja jina hilo mbele ya watu wote, na uwanja mzima ukanyamaza.

Na tangu siku hiyo, kazi yoyote ya wakubwa ikizinduliwa hapa, sisi hupiga chochote kilicho mkononi, bila kiongozi wala mdundo, mpaka waliofia kazi hiyo watajwe. Kwa hiyo msituambie tunawaaibisha mbele ya wageni. Daraja lenu limemuua Bakiri, aliyekuwa akibeba zege, nanyi mmekuja na vipaza sauti na utepe. Mwambieni mgeni wenu rasmi ajifunze jina hilo kabla hajashika mkasi.