Kikaango Cheusi cha Bi Kindi

Nyie, kikaango cheusi ni kichafu? Aliyesema ndiyo na afunge mdomo, afungue masikio.

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa na majiko, mawifi na majirani wa kuwasengenya, Bi Kindi alikuwa na kikaango cha chuma. Kizito hicho! Alikirithi kwa bibi yake. Kila akimaliza kupika alikipangusa, akakipaka mafuta, akakirudisha motoni kidogo, mpaka kikawa cheusi tii. Yai likitiwa, teleee! Halishiki. Akipita nacho mtaani, kidevu juu.

"Masizi hayo!" Bwana Nyati alimcheka. "Kwangu mimi chombo husuguliwa."

"Sugua vyako, baba."

Siku moja Kindi alirudi kutoka gulioni akakuta kikaango kimesuguliwa kwa mchanga, cheupe pee, kimeachwa na maji, kutu imeanza kutambaa. Akavunja yai. Wapi! Likang'ang'ania kama kupe.

Majirani wakajaa uani. Nyati ndiye aliyepaza sauti kwanza.

"Ni Ngiri! Si ndiye mpangaji wako? Mfukuzeni!"

"Shoga, nakuapia si mimi!" Bi Ngiri akalia. Lakini virago vyake vilishaanza kurushwa nje, pu! pu!

Kindi alimjua mpangaji wake: tangu ahamie, hajaosha hata kijiko. Akameza hasira, akapiga kigelegele.

"Jamani, mnamfukuza fundi? Tazameni kazi hii! Hongera, Bi Ngiri. Leo utakaa kiti cha mbele, na chapati ya kwanza ni yako."

"Mimi?" Ngiri akatoa macho.

Kindi akamkanyaga ukwato. "Usione haya, shoga. Mtaa mzima huu nani mwingine ana nguvu za kusugua chuma hivi? Hata Bwana Nyati hawezi."

"Siwezi?" Nyati akapuliza pua, fuuu!

"Utawezea wapi, baba? Wewe una mwili tu. Nguvu anazo Ngiri."

"Huyo? Huyo hata kukiinua hawezi!"

"Wivu huo."

"Wivu? Mimi?" Nyati akajipiga kifua, ndi! ndi! "Sikilizeni nyote! Ni mimi! Niliingia jikoni kwake asubuhi, nikakisugua kikaango hiki kwa mchanga, peke yangu, mpaka jasho likanitiririka! Mimi, Nyati!"

Mwenye majivuno hahitaji mshitaki: msifie jirani yake, atajishitaki mwenyewe.