Jokofu Nyuma ya Pazia

"Kijiji kikishiba, nyaya huona njaa." Mmemsikia fundi akisema hivyo, mkanijia mbio kuniuliza maana yake. Kaeni basi, wajukuu zangu. Chanzo chake nakijua vizuri, maana aibu yake ni yangu.

Mtambo wetu wa umeme wa maji ulipojengwa kule mtoni, kila nyumba ilikuwa na taa mbili na redio, na umeme ulitosha hata ukabaki. Baadaye parachichi zikapata soko. Watu wakaezua nyasi, wakaezeka mabati. Mwaka uliofuata taa zikaanza kufifia.

Tukamshuku Mgaya, msimamizi wa mtambo. Maji mtoni yalikuwa yaleyale, sasa umeme unakwenda wapi? Mimi ndiye niliyetangaza kwamba anawauzia wenye hoteli ng'ambo ya mlima. Ushahidi sikuwa nao. Tulimvizia wiki nzima. Siku moja tukamlazimisha afungue gunia tukidhani ni nyaya, kumbe viazi.

Mkutano ukaitishwa mchana, afukuzwe kazi na atolewe katika nyumba ya mtambo yeye, mkewe na watoto wao watano. Mgaya hakubishana. Alitundika balbu moja kwenye mlango wa ofisi ya kijiji.

"Ndugu zangu, nendeni mkazime kila kitu, kisha mwashe taa na redio tu, kama zamani."

Tukaenda, tukarudi. Balbu ilikuwa inaumiza macho.

"Sasa kawasheni na vile mlivyonunua tangu parachichi."

Hakuna aliyeinuka. Kwetu mtu akinunua kitu kikubwa hukiingiza ndani kwa siri, akiogopa jicho la watu, kwa hiyo kila mmoja alidhani anacho yeye peke yake. Tukabaki kutazamana kwa pembe za macho.

"Kama hamna kitu, basi mwizi ni mimi," Mgaya akasema. "Kesho nitahama."

Mkewe akaanza kulia kimya kimya. Haya ikanishika.

"Mimi nina jokofu," nikasema. "Liko nyuma ya pazia, nimelifunika kitenge."

"Mimi jiko la umeme," mwalimu akasema, akitazama chini.

"Mimi pampu."

"Sisi mashine ya kuchomelea."

Tukaenda kuwasha. Tuliporudi, ndani ya balbu ulibaki uzi mwekundu tu.

Mgaya aliitazama, kisha akanigeukia. Hakunicheka, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

"Dada," akasema, "kijiji kikishiba, nyaya huona njaa."